Betri za gari la porini lenye winchi: za maji, AGM au lithiamu?

Mwenye swali
Wakuu, salaam. Juzi nilizama kwenye tope hadi ekseli. Nilivuta kwa winchi dakika mbili tu, ikaanza kunguruma kwa kuchoka na taa zikafifia. Nilipozima injini haikuwaka tena, stata inagonga "tik" basi. Gari ni dizeli ya volti 12, winchi ni ya kilo 4,300, betri ni mbili za maji na zimezeeka. Ningependa nisirudie kosa. Mngeweka zipi?

Fundi umeme
Pole sana, mkuu. Tuanze na hesabu. Winchi ya ukubwa huo ikilemewa hula ampea 400 hivi. Alteneta ikitoa 100, hizo 300 zinatoka kwenye betri, yaani kama ampea-saa 5 kila dakika. Kiasi chenyewe si kikubwa, tatizo ni kutoka kwa mkupuo. Kwa hiyo usinunue kwa kuangalia ampea-saa peke yake, soma na CCA, yaani ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa mkupuo ikiwa ya baridi.

Betri ya maji ni nafuu, lakini mitikisiko ya porini huangusha unga wa sahani zake, na gari likilala ubavu asidi inamwagika. Kwenye AGM asidi imefyonzwa na mkeka wa nyuzi za kioo na sahani zimebanwa, kwa hiyo inavumilia mtikisiko na inatoa umeme mwingi kwa haraka. Mimi ningefunga AGM mbili.

Wa lithiamu
Nina lithiamu ya chuma na fosfati, na uzito wake ni karibu nusu ya AGM ya ukubwa uleule. Naipenda kwa friji na taa za kambi. Kwenye winchi sikuiunganisha, maana bodi yake ya ulinzi inaruhusu ampea 100. Ikizidiwa inakata papo hapo, nawe uko katikati ya mteremko. Pia haipendi joto la chini ya boneti.

Mzee wa tope
AGM, naunga mkono, ila nunua zote mbili siku moja, aina moja, ukubwa mmoja. Mimi niliwahi kubadilisha moja tu, na ile kuukuu ikaimaliza mpya kabla ya mwaka. Pima na alteneta: AGM nyingi zinataka volti 14.4 hadi 14.7.

Mgeni kidogo
Kabla hujatoa hela, kagua waya. Niliweka betri mpya na winchi ikabaki dhaifu vilevile. Tulipopima ikiwa inavuta, kwenye betri kulikuwa na volti 11.6, kwenye winchi 9.4! Nati ya ethi (waya wa hasi) ilikuwa imeota kutu ya kijani. Tukaisugua mpaka ikang'aa, tukaweka waya wa milimita za mraba 70, ikawa winchi nyingine kabisa. Na tumia kapi: kamba ikienda na kurudi garini, mzigo wa winchi unapungua karibu nusu, na ampea zinashuka.

Mwenye swali
Ahsanteni sana. Nilizitenganisha zikalala usiku kucha, nimepima sasa hivi: moja ina 12.6, nyingine 11.9. Nachukua AGM mbili, na ethi naifungua kesho. Wakati wa kuvuta niziunganishe zote?

Fundi umeme
Ndiyo, zote, na injini iwe inawaka kwenye mizunguko 1,500 hivi. Vuta kidogo kidogo, kisha shika mota kwa kiganja. Ikikuunguza, iache ipoe huku alteneta ikirudisha chaji.