Naomba ushauri: Kuvu wa udongoni dhidi ya mnyauko wa tungule, Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa kilimo, nafanya utafiti wa kumalizia shahada huku Wete. Natafuta kuvu aitwaye Trichoderma kwenye udongo wa chini ya mikarafuu, nione kama ataweza kumdhibiti Fusarium, kuvu mwengine anayenyausha tungule za wakulima wetu. Trichoderma hukua haraka, huwazonga kuvu wengine, huwatoboa na kuwala.

Ugonjwa nimeuhakiki. Shina nikilipasua naona mishipa imegeuka kahawia, na kipande nikikitumbukiza kwenye gilasi ya maji hakitoi ute mweupe, kwa hiyo si ule mnyauko wa bakteria.

Kikwazo kiko maabara. Sahani zangu za agari ya viazi (jeli ya kuoteshea kuvu) huvamiwa na ukungu mweusi wa mkate kabla Trichoderma hajatoa kijani chake. Nimeshauriwa niongeze rozi bengali (rangi inayopunguza kasi ya ukungu unaotambaa haraka) na kloramfeniko (dawa ya kuzuia bakteria). Aliyewahi kutumia, alitia kiasi gani kwa lita? Na sufuria ya presha, dakika 20 zinatosha kuua vijidudu vyote kwenye agari?

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Wakulima hapa hupiga dawa ya ukungu karibu kila wiki, na dawa hiyo inaweza kumdhuru kuvu ninayemtaka. Nianze kumjaribu Trichoderma kwenye tungule za kupanda ndooni, au nimuombe mkulima mmoja aniachie matuta machache bila dawa? Tungule hizo ndizo ada ya skuli ya watoto wake. Zikinyauka, fidia ya haki huwa inapangwaje?