Nyumba iliyohamishwa bado ni ile ile? Naomba ushauri kabla ya kutembelea makumbusho ya wazi

Mdadisi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mwezi ujao nitakuwa safarini, na karibu na mji nitakaofikia kuna makumbusho ya wazi ya aina ile ambayo majengo ya kale yalifunguliwa mahali yalipokuwa, yakasafirishwa na kusimamishwa upya katika eneo moja, na ndani yake wamo watu waliovaa mavazi ya zamani wanaofua chuma, kuoka mikate na kusokota sufu mbele ya wageni. Nitakuwa na siku moja tu. Nitafuatana na mama yangu, ambaye magoti yake hayamruhusu kutembea mwendo mrefu, pamoja na binti yangu wa miaka tisa.

Nina maswali mawili. La kwanza ni la matumizi ya siku hiyo, kwa kuwa ramani inaonyesha majengo zaidi ya hamsini na sijui nianzie wapi. La pili ndilo linalonisumbua zaidi: nyumba ikishafunguliwa kipande kwa kipande na kujengwa tena mahali pengine, je, ninachokitazama ni nyumba ya kale, au ni mfano wake tu? Rafiki yangu ananiambia kwamba heri niende kutazama gofu moja lililobaki mahali pake kuliko nyumba hamsini zilizohamishwa. Sikuwa na la kumjibu.

Seremala Mstaafu

Ndugu Mdadisi, nitaanza na swali lako la pili, maana linagusa kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Nyumba za kale za fremu ya mbao, kama zile za Ulaya ya kaskazini, hazikujengwa kwa namna ambayo wengi wetu tunaidhania. Seremala alichonga nguzo na boriti zikiwa zimelazwa chini uwanjani pake, akazijaribisha viungo vyake kimoja baada ya kingine, akavitia alama kwa patasi ili asije akavichanganya, kisha akaifungua fremu yote, akaipeleka kwenye kiwanja na kuiunganisha upya kwa vigingi vya mbao. Alama hizo mara nyingi ni tarakimu za Kirumi, kwa sababu mistari iliyonyooka ni rahisi kuchongwa kuliko iliyopinda. Maana yake ni kwamba nyumba ya namna hiyo ilikwisha kuunganishwa na kufunguliwa mara moja kabla mtu yeyote hajalala ndani yake. Anayeifungua karne tano baadaye anafuata alama zile zile zilizoachwa na fundi wa kwanza, na anachoongeza ni vibandiko vyake, picha na michoro.

Mfano mzuri ni nyumba ya shamba iitwayo Bayleaf, iliyojengwa katika karne ya 15 huko Kent, Uingereza. Bonde lilimokuwa lilitengwa kwa ajili ya bwawa la maji la Bough Beech, ikafunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kupelekwa Weald and Downland, makumbusho yaliyoko Sussex. Ukumbi wake hauna dohani, kwani moto uliwashwa katikati ya sakafu na moshi ukapanda kuelekea paani. Mtu aliyesimama ndani yake akatazama juu anaelewa jambo ambalo kitabu kingelieleza kwa kurasa nyingi.

Lakini nisidanganye. Yapo mambo yasiyosafirika. Msingi unabaki ardhini, sakafu ya udongo inabaki ilipo, na lipu ya ukutani mara nyingi hubomoka mikononi mwa mafundi. Ukuta wa mawe ni mgumu zaidi kuuhamisha kuliko wa mbao, kwa sababu kila jiwe la maana linatakiwa kupewa namba na kurudi mahali pake, na udongo au chokaa iliyoyashikanisha mawe hayo ni lazima iwe mpya. Vilevile, boriti zilizooza hubadilishwa. Makumbusho yenye uaminifu hayafichi mbao hizo mpya, na ukitazama vizuri utaona mahali ambapo mti wa zamani umeungwa na mpya.

Kwa hiyo ukiingia katika jengo lolote, tafuta vitu vitatu: alama za patasi karibu na viungo, vichwa vya vigingi, na masizi kwenye kenchi za paa. Kisha umuulize mhudumu bila haya: kipi humu ndani ni cha asili, na kipi kimetengenezwa baadaye? Nimeuliza swali hilo mara nyingi, na sijawahi kukutana na mhudumu aliyekasirika. Wengi hufurahi mno, hata inakuwa kazi kuagana nao.

Mwalimu wa Historia

Nakubaliana na mzee wetu kuhusu mbao, ila ningependa kuongeza kwamba mbao si nyumba yote. Nyumba ina upande iliouelekea, ina upepo inaoukinga, ina jirani na njia ya kwenda kisimani. Hayo yote hupotea siku inapopakiwa kwenye lori.

Hata hivyo, swali la haki si kama ingekuwa bora ibaki mahali pake, bali ni kama ingebaki kabisa. Huko Ontario, Kanada, vijiji kadhaa vya kando ya mto St. Lawrence vilifunikwa na maji mwaka 1958 kutokana na ujenzi wa njia ya meli na bwawa la umeme. Baadhi ya majengo yake yalihamishwa, na mwaka 1961 yakafunguliwa kwa wageni katika makumbusho ya Upper Canada Village. Gofu analolipendekeza rafiki yako, kwa nyumba hizo, lingekuwa chini ya ziwa.

Wazo lenyewe lina zaidi ya miaka mia moja. Mnamo miaka ya 1880 Oscar II, mfalme wa Uswidi na Norwei, alikusanya majengo ya kale huko Bygdøy, karibu na Oslo, likiwemo kanisa la mbao la Gol ambalo lina umri wa takriban miaka mia nane. Huko Lillehammer, pia nchini Norwei, daktari wa meno aitwaye Anders Sandvig alianza kununua nyumba za mashambani kwa fedha zake, na mkusanyiko wake ndio uliozaa makumbusho ya Maihaugen. Kisha mwaka 1891 Artur Hazelius akafungua Skansen mjini Stockholm. Yeye hakuridhika na nyumba tupu. Alitaka ziwe na watu, wanyama, nyimbo na kazi za mikono, kwa sababu aliona maisha ya vijijini yakitoweka kwa kasi ya viwanda. Jina la Skansen lilienea hata katika lugha za Kipolandi, Kicheki na Kihungari, ambamo sasa ni neno la kawaida la makumbusho ya namna hii.

Kuhusu wale watu waliovaa mavazi ya kale, ni vizuri ujue mapema kwamba wako wa aina mbili. Wengine huzungumza kana kwamba wanaishi katika mwaka unaoonyeshwa, na ukiwauliza habari za simu watakutazama kwa mshangao. Wengine huvaa mavazi hayo lakini huzungumza nawe kama watu wa leo, na hao ndio wanaoweza kukueleza boriti ilitoka wapi. Msikilize wa aina ya kwanza kwa ajili ya binti yako; muulize maswali ya Seremala yule wa aina ya pili. Mimi binafsi napenda zaidi hawa wa pili, ingawa wanafunzi wangu hunipinga kila mwaka.

Mpinzani Mpole

Samahani kwa kuingilia kati, ila naona tunasifu mno.

Kasoro kubwa ya makumbusho haya si kwamba majengo ni bandia. Kasoro ni kwamba kijiji ndicho bandia. Nyumba ya mwaka 1600 imewekwa karibu na shule ya mwaka 1880, kanisa limetoka bonde moja na kinu kimetoka jingine, na mgeni anatoka pale akiamini kwamba ameona kijiji fulani, ilhali kijiji hicho hakikuwahi kuwepo. Tena kimesafishwa. Hakuna harufu ya samadi mlangoni wala mtoto anayekohoa usiku kucha kwa moshi. Huo ukumbi usio na dohani unaosifiwa hapo juu uliwatesa watu macho na mapafu.

Jambo la pili ni kuuliza nyumba za nani ndizo zilizookolewa. Kwa muda mrefu wakusanyaji walipenda nyumba za wakulima wenye nafasi, kwa sababu zilikuwa imara na za kupendeza, wakati kibanda cha kibarua kilijengwa kwa vitu hafifu, kikaanguka bila mtu kukipiga picha. Wengine walikusanya kwa kumbukumbu ya mashujaa wao. Henry Ford, yule mtengenezaji wa magari wa Marekani, alifungua kijiji chake cha makumbusho cha Greenfield huko Dearborn, Michigan, mwaka 1929, na mwaka 1937 akahamishia huko nyumba na duka la baiskeli la ndugu wawili Wright, waliobuni ndege, kutoka Dayton, Ohio. Orville Wright mwenyewe alikuwa hai na alisaidia. Ni kazi ya kusifika, lakini mtaa wa Dayton ulibaki na pengo, na aliyeijenga hifadhi hiyo ya maisha ya kabla ya gari ndiye yule yule aliyeyajaza magari barabarani.

Nikiri kwamba yapo makumbusho yaliyojirekebisha. Huko St Fagans, Wales, kuna safu ya nyumba sita ndogo za wafanyakazi wa viwanda vya chuma, zilizotolewa Rhyd-y-car katika mji wa Merthyr Tydfil. Kila moja imepambwa kwa wakati wake: 1805, 1855, 1895, 1925, 1955 na 1985. Unapita kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na ndani ya chumba cha ukubwa ule ule unaona jiko, taa na vitanda vikibadilika, hadi unafika kwenye runinga. Hapo hakuna anayekudanganya kwamba zamani ni kitu kimoja kilichosimama. Kama makumbusho unayokwenda yana kitu cha namna hiyo, anzia hapo, hata kama ramani inakuelekeza kwenye kinu cha upepo kwanza.

Mtembezi

Nami niongeze machache ya miguu, maana waliotangulia wamemaliza ya kichwa.

Piga simu kabla ya siku yenyewe uulize mambo mawili: ni majengo gani yatakayokuwa na watu wa kazi siku hiyo, na kama kuna gari dogo la kuwabeba wasioweza kutembea. Mhunzi asipokuwepo, kiwanda chake ni chumba cheusi chenye fuawe, basi. Mama aletewe kiti cha magurudumu hata kama anasema hakihitaji, ila ujue kwamba nyumba nyingi za kale zina vizingiti virefu na milango mifupi, hivyo kiti kitabaki nje na yeye ataingia akishikwa mkono. Ndani kutakuwa na giza kwa sababu madirisha ni madogo. Mpe macho yake dakika mbili kabla ya kukanyaga.

Wageni wengi huanza na jengo lililo karibu na lango na kuchoka kabla ya kufika mwisho. Nendeni kwanza mbali, kisha mrudi taratibu. Chagueni majengo sita, si hamsini, na katika moja kati ya hayo mkae nusu saa nzima.

Mdadisi

Ndugu zangu, nimerudi safarini na nimeona ni haki niwape mrejesho.

Tulichagua majengo saba, tukamaliza matano. Mama alikaa karibu saa nzima mbele ya meko ya nyumba ya shamba, akizungumza na mama mmoja aliyevaa aproni na kofia ya kitambaa, wakilinganisha namna ya kuhifadhi moto usiku kwa kuufunika majivu. Sikutegemea kwamba mama yangu ndiye angekuwa na la kufundisha.

Swali la Seremala nililiuliza. Mhudumu alinipeleka nyuma ya mlango, akawasha tochi na kunionyesha nguzo iliyoungwa kwa mbao mpya kuanzia magotini kwenda chini, kwa kuwa sehemu ya zamani iliyokuwa karibu na ardhi ilikuwa imeoza. Juu ya maungio hayo palikuwa na alama nne za patasi. Binti yangu aliweka kidole ndani ya mojawapo, akauliza kama aliyeichonga alikuwa anatumia mkono wa kushoto, kwa sababu mstari ulikuwa umeinama upande usiotarajiwa. Mhudumu alisema amefanya kazi pale miaka kumi na moja na hajawahi kuulizwa hilo. Alipiga magoti akaanza kutazama alama za nguzo nyingine, na tulimwacha akiwa bado anatazama.

Ndugu Mpinzani, nilitafuta pia kibanda cha kibarua. Kipo kimoja, nyuma ya ghala, na hakimo kwenye ramani.