Kadi za rangi inayokolea taratibu: mstari wa katikati unanishinda, naombeni ushauri

Mkasi na Gundi
Wadau, habari za saa hizi. Nimekwama, naombeni msaada. Mama alilazwa wiki sita, na sasa yuko nyumbani anatembea mwenyewe. Nimeamua kuwaandikia kadi za shukrani wauguzi 12 waliomhudumia, kila mmoja ya kwake, na nataka nizitengeneze kwa mkono. Ninachokiona kichwani ni anga la alfajiri: juu buluu iliyokolea, inapauka kidogo kidogo, chini kabisa inabaki rangi ya chungwa hafifu inayokaribia weupe.

Nikipaka, buluu inaishia ghafla kama ukingo wa shuka. Nikirudia na brashi ili nilainishe ule mstari, karatasi inatoa manyoya. Na pale buluu inapokutana na chungwa panageuka matope. Natumia rangi ya maji ya vibonge kwenye manila ya kawaida. Nimeshaharibu saba. Kosa liko mkononi mwangu, kwenye rangi au kwenye karatasi?

Karatasi Kwanza
Mungu ashukuriwe kwa afya ya mama. Mimi naanza na karatasi, maana hapo ndipo wengi tunapoumia. Manila ya kawaida haistahimili maji mengi. Yakiingia, nyuzi zake zinavimba, na ukizisugua zikiwa mbichi zinang'oka. Hayo ndiyo manyoya unayoyaona. Tafuta karatasi ya rangi ya maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Ukipata ya pamba ni bora zaidi, inakaa na unyevu kwa muda, na unyevu ndio unaokupa nafasi ya kuchanganya rangi. Ibane kingo zote nne kwenye ubao kwa tepu ya karatasi ili isipinde.

Halafu usipake kwenye kadi yenyewe! Paka kipande cha pembeni, kikauke, ndipo ukigundishe. Karatasi ya A4 ukiikunja katikati unapata kadi ya A5, yaani milimita 148 kwa 210. Kata kipande cha 138 kwa 200, kitaacha ukingo mweupe wa milimita 5 kila upande. Ukikosea unatupa kipande tu, kadi iko salama.

Brashi Mbichi
Naunga mkono hayo ya karatasi. Ila mstari wako unatokana na rangi kukauka kabla hujaifikia tena. Lowesha kipande chote kwa maji safi, king'ae sawasawa bila vidimbwi. Inua ubao upande wa juu, kiasi cha unene wa vidole viwili. Jaza brashi pana rangi iliyokolea, vuta mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Utaona rangi inakusanyika chini ya mstari kama tone refu linalotaka kudondoka. Hilo tone ndilo kila kitu. Chovya brashi kwenye maji mara moja tu, vuta mstari wa pili ukiligusa, nalo litashuka nawe. Endelea hivyo, kila mstari maji yanazidi na rangi inapungua.

Ukifika chini, weka brashi mezani. Ukiongeza maji wakati rangi imeanza kukauka, yanasukuma rangi pembeni na kuacha baka lenye kingo za kuchongoka, na hilo halifutiki.

Kuhusu matope: buluu na chungwa zinapingana, zikichanganyika zinauana. Paka buluu kwanza, iache ikauke kabisa, geuza ubao juu chini, ndipo ulete chungwa kutoka upande wake. Katikati pitisha waridi hafifu sana. Hata alfajiri yenyewe buluu haiangukii kwenye chungwa moja kwa moja.

Sifongo
Kwa kadi 12 mimi ningeacha maji kabisa. Chukua wino wa kidau cha muhuri na sifongo laini. Anzia rangi hafifu, ieneze karibu kote, kisha ya kati, ile iliyokolea ibaki mwisho juu tu. Sifongo ianze kuzunguka kwenye karatasi chakavu iliyo pembeni, iingie kwenye kadi ikiwa tayari inazunguka, mkono mwepesi. Ukiibandika moja kwa moja katikati, inaacha alama ya duara. Hapa manila ngumu na nyororo inafaa.

Mkasi na Gundi
Mbona mmoja anasema nianze na iliyokolea na mwingine nianze na hafifu?

Brashi Mbichi
Wote tuko sahihi. Kwenye maji unapunguza rangi kadiri unavyoshuka. Kwenye sifongo unaongeza tabaka juu ya tabaka, na tabaka zito halipunguziki. Wachapaji wa Japani wa karne ya 19 walikuwa na njia yao iitwayo bokashi: ubao wa kuchapia unaloweshwa kwa kitambaa kibichi, rangi inapakwa upande mmoja, inafifia pale pale ubaoni kabla ya karatasi kulazwa. Walirudia kwa kila karatasi, kwa hiyo hakuna mbili zilizolingana kabisa. Usihangaike zako zikitofautiana.

Mkasi na Gundi
Nimerudi. Nimetumia maji na karatasi ya gramu 300, na nne zimetoka vizuri mpaka nimemwita mama aje kuona. Lile tone refu nimeliona kwa macho yangu, linashuka kweli. Sasa jina la kila muuguzi nataka likae juu, kwenye buluu. Wino mweusi hausomeki.

Karatasi Kwanza
Kalamu ya jeli yenye wino mweupe. Jaribu kwanza kwenye kimoja cha vile ulivyoharibu, na rangi iwe imekauka usiku kucha, la sivyo buluu itapanda kwenye wino. Mama naye aandike neno ndani kwa mkono wake, hata kama ni sahihi tu. Na kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyokwisha wino kando ya rula ili mkunjo ukae sawa.

Mkasi na Gundi
Ameshachagua kalamu. Anaanza na yule wa zamu ya usiku.