Mrejesho: wasichana wangu na sindano ya HPV

Wakuu, niliuliza hapa namna ya kuwatuliza wanafunzi wanaoogopa sindano, chanjo ya HPV (ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi) ikikaribia (siku hizi Tanzania ni dozi moja, miaka 9 hadi 14). Asanteni sana. Kilichosaidia zaidi ni kuhamishia meza ya nesi kwenye darasa tupu, foleni ikabaki nje bila kuona kitu. Tuliwakalisha, mkono umelegea, na hakuna aliyedanganywa kwamba haiumi. Kukohoa sindano inapoingia kuliwafaa wakubwa. Wadogo walicheka wakatikisika, nesi akapiga marufuku! Yule mwenye historia ya kuzimia alilala chali akakaza mapaja, hakupoteza fahamu. Mmoja aligoma kabisa. Hatukumshika kwa nguvu; mama yake atampeleka kituo cha afya.