Naomba ushauri: saladi ya baridi ya makaroni na mbogamboga, nyumbani wanaiacha mezani

MamaKijichi

Habari za jioni wakuu. Poleni na majukumu.

Nipo Dar, na joto la mwezi huu wa pili mnalijua wenyewe. Nikifika nyumbani saa kumi na mbili, kusimama mbele ya jiko saa nzima nashindwa. Kazini tulikuwa na kasherehe, nikala saladi ya makaroni ya baridi yenye karoti, hoho, mahindi na tango, nikaipenda sana. Nikaona hiki ndicho cha kunisaidia: napika usiku, naweka kwenye friji, jioni ya kesho tunakula.

Nimejaribu mara tatu, na mara zote tatu imebaki. Nachemsha pakiti ya nusu kilo kama kawaida, nachuja, naacha ipoe. Nakata tango, nyanya, kitunguu, karoti na hoho, namimina mayonezi karibu nusu chupa, nachanganya, naweka friji. Jioni nikifungua nakuta maji meupe yamejaa chini ya bakuli, makaroni yamekakamaa na kushikana mabonge, na ukitia mdomoni hayana ladha yoyote. Nikiongeza mayonezi ndiyo yanazidi kukinaisha.

Walaji wangu nao ni hawa. Baba watoto anauliza ugali uko wapi. Wa kwanza, miaka tisa, anachambua vitunguu na hoho anavipanga ukingoni mwa sahani kimoja kimoja. Wa pili, miaka minne, anakula punje za mahindi tu. Halafu kuna mama mkwe, mwenyeji wa Pangani, tuko naye tangu Desemba. Kwake yeye tambi ni zile za futari, za nazi, sukari na hiliki. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, kiporo hiki mbona hujakipasha?" Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Namheshimu, na nataka ale chakula changu akifurahie.

Wanaojua, naomba mnielekeze. Nakosea wapi?

Mpishi_wa_Baridi

Dada, usikate tamaa, makosa yako ni machache na yote yanarekebishika. Nimekaa miaka sita upande wa vyakula baridi kwenye hoteli Unguja, saladi hii nimeitengeneza karibu kila siku.

Tuanze na maji yaliyo chini ya bakuli. Hayo yanatoka kwenye tango na nyanya. Mayonezi ina chumvi, na chumvi ikigusa tango inalinyonya maji yake. Ukiweka usiku mzima, bakuli lazima lifurike. Tango lipasue katikati kwa urefu, pitisha kijiko ukokote zile mbegu zote, kata vipande, nyunyiza chumvi kidogo, acha kwenye chujio dakika ishirini, kisha likamue kwa mkono. Utashangaa maji yatakayotoka. Nyanya nazo toa mbegu na ule ute, bakiza nyama tu, na uzitie dakika za mwisho kabla ya kula. Zisilale kwenye friji ndani ya saladi.

Makaroni kukakamaa: wanga ukipoa unajikaza. Makaroni yaliyoiva sawasawa yakiwa ya moto yatakuwa magumu yakiwa ya baridi. Kwa hiyo ya saladi yazidishie dakika mbili juu ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Onja moja: meno yazame bila kukuta kiini kigumu, lakini lisivunjike lenyewe. Na chukua yale mafupi, ya kusokotwa au ya umbo la kombe, yanashika viungo. Tambi ndefu kwa kazi hii ni mateso.

Ladha sasa. Chakula baridi kinauficha ulimi ladha, ndiyo maana soda ya moto unaiona tamu kupita kiasi na ya baridi unaiona sawa. Maji ya kuchemshia nusu kilo yawe lita tano, na chumvi vijiko viwili vya chakula vilivyojaa. Ukikosa chumvi hapo, huirudishi tena baadaye, itabaki nje ya makaroni.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: tia viungo mara mbili. Makaroni yakiwa bado ya uvuguvugu, yamwagie mchanganyiko wa mafuta vijiko vinne vya chakula, siki au ndimu vijiko vitatu, chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu kimoja kilichosagwa. Yatakunywa yote. Mayonezi ingoje mpaka yapoe kabisa, na vijiko vinne au vitano vinatosha nusu kilo nzima. Ukitia mayonezi kwenye makaroni ya moto inayeyuka na kuachana, mafuta kando, mengine kando.

Kiboko_ya_Njaa

Weka tuna ya kopo na mayai ya kuchemsha. Mwanaume hawezi kushiba karoti.

Nesi_Temeke

Naongezea kwenye maelezo mazuri ya mpishi, maana kuna jambo halijaguswa. Dada, ukishachuja makaroni huwa unayasuuza? Kama ndiyo, kwa maji gani?

Nauliza kwa sababu watu wengi wanayapitisha chini ya bomba ili yapoe haraka. Hapo umechukua chakula kilichochemka, kikafa vijidudu vyake, ukakimwagia maji ambayo hukubali mwanao ayanywe bila kuchemsha. Na hiki hakirudi motoni tena. Kama unataka kusuuza, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Hoho, karoti na tango zinazoliwa mbichi nazo hivyo hivyo: osha vizuri, zisuuze mwisho kwa maji salama. Ubao uliokatia kuku usikatie tango.

La pili, usiache makaroni yakipoa mezani mpaka saa nne za usiku ndipo uyakumbuke. Wanga uliopikwa, wali na makaroni, una kijidudu ambacho mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na kikikaa kwenye joto kinatoa sumu ambayo hata ukipasha haiondoki. Yatandaze kwenye sinia pana yapoe haraka, kisha friji. Ikishatoka kwenye friji isikae mezani zaidi ya saa mbili, na kwa joto hili la Dar mimi nasema saa moja. Umeme ukikatika asubuhi ukarudi jioni, saladi yenye mayai au tuna mwage. Inauma, lakini mwage.

Na mama mkwe wako usimuone mkorofi. Hofu yake ya kiporo ina msingi.

MamaKijichi

Nesi, umenishtua. Nasuuza kwa maji ya bomba kila siku, wala sikuwahi kufikiria. Ahsante sana. Mpishi, na mimi mayonezi nilikuwa naitia kabla hayajapoa! Kumbe ndiyo maana yalikuwa yanang'aa mafuta.

Swali: mpishi husemi kusuuza, nesi anasema maji yaliyochemshwa. Nisuuze au nisisuuze?

Mpishi_wa_Baridi

Mimi sisuuzi. Nachuja, natandaza kwenye sinia, namwagia mafuta na ndimu, nageuza kwa mwiko kila dakika chache. Mafuta yanazuia kushikana, na ule wanga wa juu unasaidia viungo kung'ang'ania. Ukisuuza unauosha. Wapo wapishi wazuri wanaosuuza saladi za aina hii, sibishani nao, ila kwa maji ya nesi.

Bi_Mvita

Assalaam alaykum mwanangu. Nipo Mombasa, nimekuwa mkwe na sasa nina wakwe, kwa hiyo naomba nizungumze na hilo la mama.

Mama huyo hajakataa chakula baridi. Kachumbari anakula baridi, na sidhani kama atakubali pilau bila kachumbari. Lililomkwaza ni kuona tambi baridi. Tambi anazijua, zina mahali pake na ladha yake, nawe umemletea zimevaa nguo ngeni. Basi geuza kipimo. Wewe umetia nusu kilo ya makaroni na mboga kidogo. Fanya mboga ziwe nyingi kuliko makaroni, robo kilo ya makaroni tu, liwe bakuli la kachumbari lenye makaroni ndani yake. Mayonezi mwachie mpishi wa hotelini, wewe kamulia ndimu, tia kotmiri nyingi na pilipili mbichi moja iliyokatwa pembeni kwa wanaotaka.

Na usimpelekee kikiwa tayari. Mwite jikoni. Mwambie, "Mama, vitunguu vyangu vinawasha watoto, wewe hufanyaje?" Atakuonyesha: vitunguu vimekatwa vyembamba, vinafikichwa na chumvi mpaka vilegee na kutoa povu, vinaoshwa maji mara mbili tatu, vinakamuliwa. Havina ukali tena. Huyo mtoto wako anayevipanga ukingoni anakimbia ukali, hakimbii kitunguu.

Kisha kile chakula kisisimame peke yake. Kaanga vibua au changu, weka hilo bakuli kando. Mume apate samaki wa moto, na baridi iwe ya kusindikiza. Chakula chote kuwa baridi mezani kwetu hakijazoeleka, hata mimi singeridhika.

Baba_Mapacha

Bi Mvita amemaliza. Mimi naongezea upande wa watoto tu, ninao wawili wa miaka mitano.

Usichanganye kila kitu kabla hawajaona. Weka makaroni yaliyokwisha kuungwa bakuli moja, halafu vibakuli vidogo vya mahindi, njegere, karoti, tango, hoho. Kila mtu ajitilie. Wangu walianza na mahindi matupu wiki mbili nzima, sikusema neno. Siku moja mmoja akatia njegere tatu, akazihesabu, akazila. Siku hizi anatia kijiko. Nikimlazimisha anafunga mdomo, nikinyamaza anakula.

Karoti usiikate vipande vya mviringo, ikwangue kwenye kikwanguzio. Mbichi nene inawachosha meno. Hoho chukua nyekundu au njano ukizipata, zina utamu. Ile ya kijani ina uchungu kwa mtoto. Kama ni ya kijani tu, ibabue juu ya moto, menya ngozi, kata nyembamba.

Mama_Muscat

Huku kwetu kiangazi joto linapita nyuzi 40, saladi hii ndiyo chakula chetu cha mchana. Mimi badala ya mayonezi naweka mtindi mzito usio na sukari, ndimu, nanaa na chumvi. Mwepesi na haukinai. Ila mtindi wetu mwepesi wa Bongo uchujeni kwanza kwenye kitambaa safi usiku kucha, ndani ya friji, la sivyo maji yale yale yatarudi.

MamaKijichi

MREJESHO. Nilisema nikifanikiwa nitarudi, nimerudi.

Jumamosi jioni nilichemsha robo kilo, ya kusokotwa, lita mbili na nusu za maji, chumvi kijiko kimoja cha kujaa, dakika kumi na mbili ilhali pakiti inasema kumi. Nikatandaza kwenye sinia ya pilau, nikamwagia mafuta ya alizeti, ndimu na kitunguu saumu. Yalipopoa nikafunika, nikaweka friji. Jumapili asubuhi hayakushikana hata mawili.

Mama nilimwita kwenye vitunguu kama Bi Mvita alivyosema. Aliniangalia kwanza kisu changu, akasema hakikati, akakinoa chini ya kikombe cha udongo. Kisha akaketi kwenye kigoda akafikicha vitunguu na chumvi mpaka vidole vikawa vyeupe kwa povu. Akavisuuza kwa maji yaliyochemshwa niliyokuwa nimeweka kwenye jagi. Tango akalikamua yeye mwenyewe, maji yakajaa kikombe kizima cha chai. Aliyatazama yale maji akasema, "Haya ndiyo tuliyokuwa tunakunywa." Nilicheka, naye akacheka.

Karoti, mahindi na njegere nikaweka vibakuli vyake, mayonezi kijiko pembeni kwa anayetaka. Vibua vikakaangwa. Baba watoto alikula sahani mbili akidhani ni kachumbari ya samaki, alipokuta makaroni alisema tu "kumbe". Ugali hakuuliza. Mkubwa alikula vitunguu. Mdogo bado mahindi, na makaroni matano, nilimhesabia.

Mama alionja, akaongeza ndimu nusu, akaonja tena, akajitilia. Jioni kilichobaki nilikitafuta kwenye friji sikukikuta.

Sasa ameniambia Jumapili ijayo tutie embe bichi. Mpishi, embe linakwanguliwa au linakatwa vipande? Na linalala na makaroni usiku au linatiwa siku hiyo hiyo?

Mpishi_wa_Baridi

Kwangua, embe bado gumu, lisianze kugeuka njano. Tia siku hiyo hiyo, na ndimu punguza nusu maana embe lina ukali wake. Hongera sana, na mama msalimie.