Naomba ushauri: chombo cha watawa wa Iona nikiite nini?

Habari za jioni wakuu. Naandaa somo la vijana kanisani kuhusu Columba, mtawa wa Ireland aliyevuka bahari mwaka 563 akaanzisha monasteri kisiwani Iona, Uskoti. Nimekwama kwenye chombo chao: fito zilizosukwa kama tenga, juu yake ngozi za ng'ombe zilizoshonwa na kupakwa mafuta maji yasipenye. Kilikuwa na tanga na makasia. Mtumbwi hapana, ule ni gogo la kuchonga. Nimeandika "mashua ya ngozi", mwenzangu wa kwaya kacheka eti ngoma inaelea! Watu wa Lamu na Pemba, mnashaurije? Na hayo mafuta, naweza kusema walikideheni, au deheni (ule mpako wa vyombo vya baharini wa kuzuia maji) lazima iwe na chokaa? Somo ni Jumapili.