Naomba ushauri: kuuza Datsun 240Z ya familia

Hamjambo ndugu zangu. Tuna Datsun 240Z (gari la michezo la Kijapani) ya mwaka 1972, usukani wa kulia, namba ya chasisi inaanza na HS30, alama ya zile za usukani wa kulia. Babu aliinunua Nairobi ikiwa mpya, baada ya gari la aina hiyo kushinda Safari Rally ya 1971, kisha akamwachia baba. Sasa baba ametutoka, na sisi ndugu tumekubaliana iuzwe.

Injini ni ile ile, silinda sita, lita 2.4, kabureta mbili. Kutu imekula chini ya betri na sakafu upande wa dereva. Rangi imepauka ila haijawahi kurudiwa. Risiti za gereji na picha za babu akiwa nayo Naivasha zote zipo.

Fundi anasisitiza tuipige rangi kwanza. Mimi naona tutaifuta historia yake. Je, tuiuze ilivyo? Mnunuzi makini huongeza bei kwa ajili ya makaratasi hayo? Na kwa kuwa logbook (hati ya umiliki wa gari) bado ina jina la babu, mirathi tuanzie ya babu au ya baba? Madalali naomba mniwie radhi, namtafuta mtu atakayeitunza na kuiendesha.